Siti ya dirishani kwenye ndege: chagua upande kwanza, safu baadaye

Maswali ni yale yale kila siku: nikate siti namba ngapi, A ni kushoto au kulia, mbona nimelipia dirisha nikakuta ukuta, mlima niliambiwa nitauona na sijauona. Nayaweka majibu yote sehemu moja. Fuata hatua kwa mpangilio huu huu, usianze katikati.

Kitu ambacho karibu kila mtu anakosea ni kuanza na safu. Mtu anafungua ramani ya siti, anaona safu ya mbele imekaa vizuri, analipia, kamaliza. Wee, safu ni jambo la tatu! La kwanza ni upande, la pili ni jua, la tatu ndo bawa na safu. Unaweza kuwa na siti nzuri kuliko zote kwenye ndege nzima lakini kama mlima upo upande wa pili utaangalia anga tupu safari nzima huku unasikia wenzako kule wanashangilia na simu zimeinuliwa juu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Namba ya safari yako, ile yenye herufi mbili na tarakimu, ipo kwenye tiketi. Bila hiyo hatua ya 2 haifanyiki.
- Aina ya ndege, kwa mfano Boeing 737-800, Airbus A320, ATR 72. Kwenye maelezo ya bukingi huwa imeandikwa kwa maandishi madogo, itafute.
- Flightradar24 au FlightAware, zinazoonesha ndege zinapita wapi angani, kwenye simu au kompyuta.
- Google Earth, au ramani yoyote ya dunia inayozunguka kama mpira. Ramani bapa usiitumie kwa safari ndefu, nitaeleza.
- Ramani ya siti ya ndege yenyewe. AeroLOPA, tovuti ya ramani za siti, wanachora mpaka madirisha yalipo, ndo maana naipenda kuliko ile ya shirika, ambayo mara nyingi ni viboksi tu.
- Saa ya kuondoka na saa ya kufika, kwa ajili ya jua.

Ukiwa na hivyo, nusu saa inatosha. Fanya siku ile ile unayokata tiketi, siyo usiku wa kuamkia safari, maana madirisha yanaisha mapema.

Hatua ya 1: Elewa herufi

Ukiwa umekaa unatazama mbele aliko rubani, A ni dirisha la kushoto kabisa. Hiyo kwenye ndege za abiria karibu zote haibadiliki. Kinachobadilika ni herufi ya dirisha la kulia:

- Ndege ya siti tatu kwa tatu (737, A320 na ndugu zake): F.
- Ndege kubwa zenye njia mbili za kupita (777, 787, A330, A350): mara nyingi K, baadhi ya mashirika wanaweka L.
- Ndege ndogo za siti mbili kwa mbili (ATR, Dash 8, Embraer): mara nyingi F kwa sababu wanaruka B na E, ila kuna wanaoandika A, B, C, D moja kwa moja, hapo kulia ni D.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kaa F utaona mlima" muulize kwanza ndege gani. Kwenye 777 hiyo F inakuangusha katikati ya ndege, dirisha utaliona kwa mbali tu.

Hatua ya 2: Tafuta njia inayopita kweli

Andika namba ya safari yako kwenye Flightradar24 afu fungua safari za siku chache zilizopita. Itakuchorea mstari ambao ndege ilipita. Usiangalie moja tu, angalia zote unazoweza kuziona, kwa sababu njia inasogea kutokana na upepo, hali ya hewa na msongamano wa angani. Kama siku zote mistari imelaliana, basi safi, unaweza kuamini. Kama leo imepita kaskazini ya mlima na jana kusini, hapo ujue unacheza kamari, na upande utakaochagua ni ule uliopata kura nyingi.

Onyo: usichukue rula ukaunganisha mji A na mji B kwenye ramani bapa ya ukutani. Kwa safari fupi ya saa moja haina shida sana, lakini safari ndefu za mashariki-magharibi zinapinda kuelekea ncha ya dunia kwa sababu dunia ni duara na hiyo ndo njia fupi. Ndo maana watu wanaotoka Ulaya kwenda pwani ya magharibi ya Marekani wanajikuta juu ya barafu ya Greenland wakati kwenye ramani ya darasani Greenland iko juu huko haihusiki kabisa. Google Earth ina kifaa cha kupimia umbali, bofya uwanja wa kuondokea na wa kufikia, mstari unaotoka ndo karibu na ukweli.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye vitu unavyotaka kuona, na pima viko mbali kiasi gani na mstari

Hapa ndo penye utamu, na watu wengi wanaruka.

Mtu anafikiri kitu kikiwa chini kabisa ya njia ya ndege ndo kitaonekana vizuri. Hapana. Dirisha liko ubavuni, halipo sakafuni. Ndege ikiwa juu kilomita 10 au 11, kitu kilicho chini yako moja kwa moja kimefichwa na mwili wa ndege yenyewe, hakionekani kushoto wala kulia. Ukiinamisha kichwa na kubandika paji la uso kwenye kioo utaona vitu vilivyo kilomita kumi hivi pembeni. Ukikaa kawaida tu macho yanaenda mbali zaidi.

Kwa uzoefu wangu kitu kizuri kukiangalia kutoka juu kabisa kinatakiwa kiwe kati ya kilomita 10 na 60 pembeni ya mstari. Zaidi ya hapo bado utakiona kama ni mlima mkubwa, maana kutoka futi 35,000 upeo wa macho uko kama kilomita 370, ila vumbi na ukungu wa hewa vinafanya kila kitu kiwe cha bluu bluu, na kwenye picha kinapotea.

Mfano mmoja tuupige hesabu. Kilimanjaro, mita 5,895, kwa safari ya Nairobi kwenda Dar es Salaam. Ukivuta mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili, kilele kipo kama kilomita 30 magharibi ya mstari. Hiyo ni sehemu tamu kabisa, siyo chini ya tumbo la ndege na siyo mbali. Ndege inaenda kusini, magharibi ipo mkono wa kulia, kwa hiyo F. Ukirudi Nairobi, A. Na uzuri wa mlima mrefu hivyo ni kwamba hata mawingu yakifunika kila kitu chini, kilele huwa kinatokeza juu yake.

Kanuni ni hiyo hiyo kokote. Kathmandu (Nepal) kwenda Paro (Bhutan) unaelekea mashariki na Himalaya ipo kaskazini, kwa hiyo Everest ni kushoto, kurudi ni kulia. Tokyo kwenda Osaka mlima Fuji kwa kawaida unaonekana kulia, kurudi kushoto. Siyo lazima ukariri orodha ya mtu, ukishajua kuvuta mstari na kupima unajitengenezea mwenyewe kwa safari yoyote.

Hatua ya 4: Geuza ramani

Hatua fupi lakini ndo inayoua wengi. Ramani kaskazini ipo juu. Ndege yako inaenda kusini. Kwenye ramani mlima unauona upo upande wa kushoto wa mstari, wewe unakata A, imekula kwako, kwa sababu ukielekea kusini kila kitu kinabadilika, kilicho kushoto kwenye karatasi kipo kulia kwako.

Dawa: zungusha simu mpaka sehemu unayokwenda iwe juu na unayotoka iwe chini tumboni kwako. (Zima kwanza ile ya skrini kujizungusha, la sivyo ramani itakuwa inakukimbia.) Sasa kushoto ni kushoto na kulia ni kulia. Nenda kwenye ramani ya siti ufanye hivyo hivyo, pua ya ndege iwe juu, kwa sababu kuna mashirika wanachora ndege imelala ubavu na watu wanachanganyikiwa tena hapo mwishoni baada ya kazi yote.

Andika kwenye karatasi: KUENDA = kushoto au kulia. KURUDI = kinyume chake. Usikate A zote mbili kwa mazoea.

Hatua ya 5: Jua

Upande wenye jua unakupa mwanga unaopiga kioo moja kwa moja, kila mkwaruzo na alama ya kidole cha abiria aliyetangulia inawaka, na mandhari chini yanakuwa meupe bila rangi. Upande wa kivuli ardhi inaonekana na rangi zake. Kwa hiyo kama vitu vya kuona vipo pande zote mbili, kaa kwenye kivuli. Kama kitu unachokitaka kipo upande mmoja tu, fuata kitu, jua utavumilia, au badilisha saa ya safari kama bado hujalipa.

Kwa haraka:

- Unaenda kaskazini: asubuhi jua kulia, jioni kushoto.
- Unaenda kusini: asubuhi jua kushoto, jioni kulia.
- Unaenda mashariki au magharibi: asubuhi na jioni jua lipo mbele au nyuma yako, halisumbui sana. Mchana inategemea uko wapi duniani. Juu kwenye nusu ya kaskazini, Ulaya huko, jua lipo kusini, kwa hiyo ukienda magharibi linakupiga kushoto na ukienda mashariki linakupiga kulia. Kwenye nusu ya kusini geuza. Karibu na ikweta mchana jua lipo utosini, Juni linaegemea kaskazini na Desemba kusini.

Kwenye upande wa kivuli kuna zawadi moja ambayo watu hawaijui. Ndege ikiwa juu ya mawingu jua likiwa nyuma yako, angalia chini kwenye wingu mahali ambapo kivuli cha ndege kingeangukia. Mara nyingi utaona duara lenye rangi kama upinde wa mvua limezunguka kivuli na linakwenda na nyie. Matone ya maji kwenye wingu yanarudisha mwanga kuelekea ulikotoka, ndo maana halionekani kamwe upande wa jua.

Wanaotaka machweo wafanye kinyume, wakae upande wa magharibi. Ila angalia: ukipanda ndege inayokwenda magharibi moja kwa moja machweo yapo mbele ya rubani, ni yake peke yake. Machweo ya abiria yapo kwenye safari za kaskazini-kusini, kwenda kaskazini kaa A, kwenda kusini kaa upande wa F au K. Safari za magharibi zina raha yake nyingine, kule juu latitudo 60 hivi dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 835 kwa saa ambayo ndege ya jeti inaikaribia au kuipita, kwa hiyo jua linaning'inia pale pale kwa masaa kama limekwama.

Na kwa safari za usiku za kutoka Amerika Kaskazini kwenda Ulaya, chukua kushoto. Kushoto ndo kaskazini, na zile taa za kijani za angani zinatokea huko. Hakuna wa kukuahidi, ila ukiwa kulia hata nafasi huna.

Hatua ya 6: Fikiria kupaa na kutua tofauti

Dakika 15 hadi 20 za mwanzo na za mwisho ndo unaona nyumba, mito, mashamba, mashua. Ndege ya jeti inaanza kushuka ikiwa bado kama kilomita 200 kutoka uwanjani, na kadri inavyoshuka ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri dirishani. Mimi kama safari haina mlima wala kitu maalum katikati, nachagua upande kwa ajili ya kutua tu, basi.

Shida ni kwamba ndege inatua ikielekea upepo unakotoka. Upepo ukigeuka, uwanja unageuza njia ya kutua, na upande wako mzuri unakuwa mbaya. Mfano mzuri ni Cape Town. Njia ya kurukia pale kuu inaitwa 01 upande mmoja na 19 upande mwingine. Hizo namba siyo za kubahatisha, ongeza sifuri mwishoni unapata nyuzi za dira: 01 ni nyuzi 10, karibu na kaskazini, 19 ni nyuzi 190, karibu na kusini. Table Mountain ipo magharibi ya uwanja. Ndege ikitua 01 inaelekea kaskazini, mlima kushoto. Ikitua 19 inaelekea kusini, mlima kulia. Majira ya joto kule upepo wa kusini-mashariki ndo unatawala, kwa hiyo 19, kwa hiyo kulia. Majira ya baridi upepo wa kaskazini-magharibi unaingia, mambo yanageuka.

Kwa uwanja wako fanya hivi: kwenye zile safari ulizofungua hatua ya 2, vuta karibu dakika kumi za mwisho uone mstari unaingia kutokea wapi. Siku zote upande mmoja? Amua. Mara huku mara kule? Angalia utabiri wa upepo siku moja kabla, na kama siti za bure bado zipo badilisha.

Hatua ya 7: Sasa ndo bawa na safu

Umeshajua upande. Sasa tunakwepa bawa.

*Jeti zenye bawa chini na injini chini ya bawa* (737, A320, 777, 787, A350 na kadhalika). Bawa linachukua karibu theluthi ya katikati. Kwenye 737-800 na A320 tegemea kuanzia safu ya 9 au 10 hadi karibu 20 unaona bati tu ukiangalia chini, ingawa namba zinatofautiana kwa shirika kwa hiyo hakikisha kwenye ramani. Mbele ya bawa ni pazuri kuliko pote, hewa ni safi na unaona mbele na chini, tatizo bei, maana huko ndo wanaweka daraja la juu na siti za kulipia zaidi. Nyuma ya bawa ni kwa sisi wengine. Ila usikate safu mbili tatu zinazofuata mara tu bawa linapoisha, pale unaangalia kupitia hewa ya moto inayotoka kwenye injini na kila kitu kinacheza cheza kama lami kwenye jua kali, picha zinatoka na ukungu hata simu iwe ya bei gani. Sogea nyuma zaidi, robo ya mwisho ya ndege, lakini safu ya mwisho kabisa iache, mara nyingi dirisha halijakaa sawa na siti hailali.

*Ndege za pangaboi zenye bawa juu* (ATR 72, Dash 8-400). Hizi kwa mandhari ni dhahabu na watu wanazidharau. Bawa lipo juu ya kichwa, chini hakuna kinachokuziba, na zinaruka chini zaidi kuliko jeti. Epuka tu safu zinazokaa sambamba na pangaboi na injini. Kwenye Dash 8-400 kumbuka pia magurudumu yanashukia kutoka kwenye injini, kwa hiyo ukikaa katikati wakati wa kutua utaangalia tairi. Wengine wanalipenda hilo, sikatai. Kwenye ATR mlango wa abiria upo nyuma, kwa hiyo siti za nyuma unaingia wa kwanza na kutoka wa kwanza.

*Jeti ndogo zenye injini mkiani.* Kinyume: kaa mbele, safu za mwisho utaangalia injini.

Kama unachotaka ni machweo, mimi sikwepi bawa kabisa. Bawa pembeni ya picha ya jua linazama linapendeza, na siti za juu ya bawa hazigombaniwi.

Hatua ya 8: Hakikisha dirisha lipo kweli

"Siti ya dirishani" kwenye mfumo wa kukata tiketi maana yake ni siti iliyo ukutani. Dirisha ni bahati.

Sababu ni rahisi. Madirisha yanafuata mbavu za ndege, kwenye 737 ni kila sentimita 51 hivi, siti zinafuata shirika linataka kubana watu kiasi gani, mara nyingi sentimita 71 hadi 81 kutoka siti moja hadi nyingine. Hivyo viwili haviendi pamoja, kwa hiyo safu moja inapata madirisha mawili mazuri na inayofuata inapata nusu la mbele na nusu la nyuma na wewe unatazamana na plastiki katikati. Juu ya hapo kuna sehemu hawakuweka dirisha kabisa. Kwenye 737 inayojulikana ni upande wa kushoto karibu na bawa linapoanzia, siti kama 10A, 11A au 12A kutegemea shirika, ambapo mabomba ya hewa ya kiyoyozi yanapita ndani ya ukuta.

Kwa hiyo fungua AeroLOPA, tafuta shirika lako na ndege yako, angalia safu uliyoichagua ina dirisha linaloanzia mbele kidogo ya bega. Dirisha la mbele ya bega ni bora kuliko la nyuma ya bega, hutakaa safari nzima umegeuza shingo. Kwenye ndege hiyo hiyo shirika linaweza kuwa na mipangilio miwili mitatu tofauti, linganisha idadi ya siti na ile ramani ya shirika ujue ni ipi yako.

Hatua ya 9: Kata, afu kagua tena

Ukishachagua kata siti mapema kama bajeti inaruhusu. Kama hutaki kulipia, subiri chekini ya mtandaoni ifunguke, mashirika mengi ni saa 24 kabla ila wengine ni mapema zaidi, weka alamu na uingie dakika hiyo hiyo.

Piga skrini shoti ya siti yako. Afu rudi kuangalia wiki moja kabla na siku moja kabla. Shirika likibadilisha ndege mfumo unapanga watu upya wenyewe na 22F yako inaweza kugeuka kuwa kitu kingine bila wewe kupata ujumbe.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Pakua ramani ya njia yote kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Ukiwa umeweka simu kwenye hali ya ndege GPS bado inasoma kwenye simu nyingi, kwa sababu inapokea tu haitumi kitu, isogeze karibu na kioo usubiri dakika chache. Hii inabadilisha safari nzima, badala ya kusema "lile ni ziwa" unajua ni ziwa gani na mlima unakuja baada ya dakika ngapi.

Kifutie kioo upande wako kwa kitambaa kikavu. Kwa picha: zima flashi, weka kamera karibu na kioo lakini isiguse, kwa sababu ukuta unatetemeka na mtetemo unaingia kwenye picha, na funika nyuma ya simu kwa koti au skafu nyeusi ili taa za ndani zisiakisi. Miwani au filta ya kupunguza mng'ao, ile ya polaraizi, iache kwenye begi. Ukiangalia nayo kupitia plastiki ya dirisha la ndege unaona madoa ya rangi za upinde wa mvua kila mahali, na watu wanadhani simu imeharibika.

Nenda chooni kabla mlima haujafika. Nasema kwa upendo.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika nimekuta ukuta.* Kaa kwanza. Milango ikishafungwa muulize mhudumu kwa heshima kama kuna dirisha lililobaki wazi upande huo huo, taja upande. Kwenye ndege ndogo usihame mwenyewe kabla ya kupaa, abiria wamepangwa kwa uzito na siyo utani.

*Kuna mtu kakaa kwenye siti yangu.* Mwoneshe bodingi pasi bila ukali, mara nyingi kachanganya A na F. Akigoma, mwite mhudumu, usibishane kwenye njia watu wanapita.

*Wingu limefunga njia nzima.* Vuta subira mpaka mtakaposhuka chini yake, hapo huwa panafunguka ghafla. Kwa safari ijayo kata ya asubuhi, maeneo ya joto mawingu ya mvua yanajengeka mchana baada ya ardhi kupata moto, asubuhi milima huwa wazi zaidi.

*Kioo kimeota barafu.* Angalia chini ya kioo kuna katundu kadogo. Kametobolewa makusudi kwenye kioo cha kati ili kusawazisha shinikizo na kutoa unyevu, na barafu inaanzia kuzunguka hapo. Ipo katikati ya vioo kwa hiyo kufuta haisaidii. Piga picha kupitia sehemu iliyo safi, mkianza kushuka itayeyuka.

*Wahudumu wamesema tufunge madirisha.* Safari ndefu inatokea, watu wanalala. Kwenye 787 hakuna hata cha kufunga, kioo kinabadilika rangi kwa kitufe na wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa mpigo. Usigombane. Waombe kwa upole kuchungulia kwenye kidirisha cha mlango karibu na jikoni kwao, wengi wanakubali kama hawana kazi. Wakati wa kupaa na kutua mashirika mengi yanataka madirisha yawe wazi, kwa hiyo sehemu nzuri haikupiti.

*Ndege imepita upande mwingine wa mlima.* Hapo hakuna cha kufanya, rubani kapewa njia nyingine. Kama mtu wa upande wa pili ni mkarimu na taa ya mkanda imezimwa, omba sekunde kumi.

*Madirisha yote yameisha nimepewa siti ya katikati.* Ingia tena kwenye mfumo saa chache kabla ya kuondoka, watu wanapandishwa daraja au wanabadilisha safari na siti zinaachiwa. Ukikosa, muulize mtu wa kaunta uwanjani, na usimwambie "naomba dirisha" tu maana atakupa lolote lililopo, mwambie "naomba dirisha la kulia, nyuma ya bawa, siyo safu ya mwisho". Anachukua sekunde tano kuangalia.